Shanga za Kogo Katika Shimo la Sirikwa

Mwezi uliopita nilikuwa Litein kununua mbolea, na vijana fulani walikuwa wanachimba mtaro wa bomba la maji mbele ya duka. Nilipopita karibu, harufu ikanisimamisha. Haikuwa harufu ya udongo wa juu, ambayo sisi tuliolelewa kwenye majani chai tumeizoea mpaka hatuisikii tena. Ilikuwa ile ya chini, ya udongo ambao haujaona jua siku nyingi, baridi, wenye uchachu wa mbali. Nikasimama pale watu wakinipiga kumbo, na kijana mmoja akatoa kichwa mtaroni akaniuliza kama nimeangusha kitu. Nikamwambia hapana, chimba tu. Lakini mimi nilikuwa nimeshafika nyumbani kwetu, juu kidogo ya Silibwet, nina miaka tisa, nimelala kifudifudi kando ya shimo na kidevu kimejaa udongo, nikiwatazama watu waliokuja kuchimba kabla ya dispensari yetu kujengwa.

Shimo lenyewe lilikuwepo siku zote. Wenzangu mliokulia huko mnayajua mashimo hayo: duara pana lililoota nyasi, kina chake kinamfikia mtu mzima kifuani, upande mmoja umeshuka na kuacha nafasi ya kuingilia. Kwetu lilikuwa katika kipande cha ardhi karibu na barabara, kipande pekee ambacho babu hakukipanda chai kwa sababu shimo lingemharibia mistari. Kogo, ndivyo tunavyomwita nyanya, alifungia ndama humo kwa sababu upepo haukufika. Nilipomuuliza nani alilichimba, alisema ni Sirikwa, watu waliokaa pale na ng'ombe wao kabla wazee wetu hawajafika.

"Walienda wapi?" nikauliza.

"Walienda tu," Kogo akasema, akaendelea kusugua kibuyu chake cha maziwa.

Mtoto ukimwambia kwamba watu walikuwa na shimo, kisha wakaenda, atajua mwenyewe walikoenda. Walienda chini. Sikuwa na shaka hata kidogo. Kila jioni nilipokwenda kumfungua ndama nilisema "chamgei" kwa sauti ndogo, nikiinamia nyasi, kwa sababu nilifundishwa kwamba hupiti kwa mtu bila kumsalimia. Hawakujibu, nami sikuona ajabu, maana hata babu alipozeeka sana hakuwa anajibu salamu.

Sasa niseme kuhusu Mama, kwa sababu bila Mama hakuna habari hapa. Katika mvua za mwaka uliotangulia alishikwa na uchungu asubuhi moja. Boda boda zilikataa kupanda kilima chetu kwa sababu ya matope, kwa hivyo wanaume wakambeba kwenye kitanda mpaka barabara ya lami, na huko wakangoja gari. Mtoto alifariki kabla hawajafika hospitali ya Bomet. Alikuwa mvulana. Lakini mimi hakuna aliyeniambia hivyo. Niliona tu Mama amerudi peke yake, tumbo halipo na mtoto hayupo, na kwa muda mrefu nilifikiri walimsahau huko barabarani. Nikawa namkasirikia Baba kwa uzembe wake. Mtu anayesahau mwavuli kila mahali, nilijiambia, si ajabu akasahau na mtoto.

Kogo hakulia mbele yetu. Jumapili iliyofuata, watu wakitoka kanisani, alimwendea mwenyekiti wa kamati ya maendeleo. Mwenyekiti huyo alikuwa amesema miaka na mikaka kwamba tungepata dispensari kama tungepata mahali pa kuijenga. Kogo akamwambia, "Chukua ile ya shimo. Lakini iwe na nyumba ya kuzalia." Kwetu mtu hatoi ardhi hivyo, hata kanisa hupewa kwa kusuasua, na mwenyekiti alimuuliza mara tatu kama alikuwa amejisikia akisema. Mara ya tatu Kogo alikuwa ameshageuka. Aliinua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya, akaenda nyumbani.

Kufikia wakati makaratasi yalipokamilika, Mama alikuwa mjamzito tena, na tumbo lake ndilo lililokuwa kalenda ya nyumba nzima. Hatukulitaja sana. Kila mtu alilitazama akipita, kisha akatazama mawingu.

Ndipo habari ikaja kwamba waliokuwa wakitoa pesa za jengo hawakubali lijengwe mahali penye shimo kama lile bila ardhi kuchunguzwa kwanza. Watu wa mambo ya kale wangekuja kuchimba taratibu, waone kama kuna kitu ambacho hakifai kuzikwa chini ya saruji. Mwenyekiti alikuja kwetu kutuliza wasiwasi. "Ni wiki mbili tu," alimwambia Mama. "Hawa wakimaliza, fundi anaingia Jumatatu."

Maneno hayo niliyashika kwa mikono miwili. Nilijua jengo hujengwaje, kwa sababu nilikuwa nimeona kituo chetu cha kununulia majani chai kikijengwa: siku tatu, nguzo, mabati, misumari, kwisha. Kwa akili yangu ya miaka tisa, wachimbaji wakiondoka Ijumaa, Mama angekuwa amelala ndani ya dispensari mpya Ijumaa iliyofuata, kwenye kitanda cha chuma, na muuguzi mwenye viatu vyeupe. Kilichobaki ni hao watu kumaliza.

Walikuja na Land Cruiser iliyokuwa na matope mpaka kwenye vioo. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mfupi mwenye kofia ya kiume, mtafiti kutoka Nairobi, nasi tukamwita Madam Wanjiru. Dereva wake alikuwa Wafula, mtu wa Bungoma, mwenye kicheko kilichosikika mpaka mtoni, naye alichimba kama wengine. Waliajiri na vijana watatu wa kwetu. Mimi nilitegemea majembe. Badala yake walitoa miiko midogo ya fundi wa kujenga, brashi, ndoo na chekecheo. Walifunga kamba kwenye vigingi mpaka shimo la ndama likawa na miraba miraba, kisha wakapiga magoti na kuanza kukwangua udongo kidogo kidogo, jinsi mtu anavyokwangua ukoko wa ugali sufuriani.

Shule zilikuwa zimefungwa. Nikahamia huko. Madam hakunifukuza, alinionyesha tu kamba na kusema, "Ukibaki nje ya hii, sisi ni marafiki." Nikalala kando ya kamba kutwa nzima. Niliona kigae cha chungu kikitoka, kina alama za kamba iliyosokotwa. Niliona meno ya ng'ombe, makaa, na jiwe jeusi linalong'aa kama chupa iliyovunjika. Kila kitu kilipigwa picha, kikapimwa, kikatiwa katika kifuko chenye maandishi, na vifuko vikawekwa ndani ya sanduku la mbao nyuma ya gari.

Sanduku hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Siku zilipita na halikujaa.

Wasomaji ambao hawakulelewa kwenye chai watanisamehe, hapa lazima nieleze. Kila alasiri tulipeleka majani kituoni. Lori halikuondoka mpaka karani apime gunia la mwisho, na mvua ikikaribia kila mtu aliogopa lori likwame kilimani na majani ya wote yaharibike. Kwa hivyo jirani akichelewa, waliomaliza waliingia shambani mwake wakamsaidia kuchuma, au walimwongezea konzi kadhaa kutoka kwenye vikapu vyao. Hakuna aliyeona hilo kuwa ujanja. Ulikuwa ujirani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamwagia majani yangu kwenye vikapu vya wengine mara nyingi, na nikasifiwa kwa hilo. Sasa hapa kulikuwa na gari, kulikuwa na sanduku, kulikuwa na watu wanaojitahidi na mavuno hayatoshi. Niliona wazi kinachotakiwa.

Tena sikutaka kuwapa takataka. Karani wetu alikuwa mkali, akiona jani gumu analitupa mbele ya watu na kukuaibisha. Kitu cha kuwapa wachimbaji kilipaswa kuwa kizuri, sawa na yale majani mawili na chipukizi ambayo karani huyakubali. Nikakumbuka mkebe wa mafuta ya Kimbo uliokuwa chini ya kitanda cha Kogo. Ndani yake mlikuwa na shanga zilizotoka kwenye vazi la ngozi la mama yake, nyingi za buluu, nyeupe chache na moja kubwa nyekundu, ambazo Kogo alikuwa amezitunga upya kwa uzi wa nailoni wa gunia. Aliwahi kuniambia ni kitu cha zamani kuliko vyote nyumbani. Nikakata uzi kwa meno.

Siku hiyo, Jumatano, wachimbaji walikwenda kula chakula cha mchana jikoni kwetu. Nilivuka kamba. Nilichagua mraba ulio karibu na mlango wa shimo, nikachimba kwa mwiko wa Wafula mpaka mkono ukazama karibu na kiwiko, nikamimina shanga, nikafukia, nikapapasa juu kwa kiganja kama nilivyoona wakifanya. Kabla ya kuondoka niliinama nikawaambia wa chini kwamba naomba radhi, ni kwa ajili ya Mama. Kisha nikaenda nikala ugali mwingi kuliko siku zote.

Kesho yake asubuhi Wafula akaita, "Madam! Hebu kuja uone!" Wote wakakusanyika. Walipiga picha nyingi, wakatoa ushanga mmoja mmoja kwa kibano, na mimi kando ya kamba nilikuwa nimevimba kwa furaha. Nilingoja waseme sanduku limetosha.

Lakini Madam hakufurahi. Alivua kofia akajikuna kichwa, akamwita mwenyekiti, wakasimama karibu nami bila kunijali, kwa sababu watu wazima hudhani mtoto aliyelala chini hana masikio.

"Shanga zikiwa pamoja hivi, inaweza kuwa kaburi," Madam akasema.

"Na kama ni kaburi?"

"Kama ni kaburi, mzee, hakuna kujenga hapa. Siwezi kuandika ripoti ingine."

Mwenyekiti akageukia mto. "Watu wa ng'ambo ya mto wametoa shamba yao pia," akasema. "Wanangoja tu sisi tushindwe."

Ng'ambo ya mto ni mbali kuliko lami. Ng'ambo ya mto, mvua ikinyesha, hata hodari haendi. Mchana huo mwenyekiti alipita nyumbani akamweleza Mama, ambaye alikuwa ameketi juu ya gunia tupu mlangoni akichambua maharagwe. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka mkono juu ya tumbo lake na kusema neno moja tu, "Basi." Kisha akaendelea kuchambua, na niliona anatupa mazuri na kubakiza mabovu. Sijawahi kuogopa vile tena maishani mwangu, na nimeogopa mengi.

Alasiri Madam akamwomba Kogo, kama mwenye ardhi, aje aangalie shanga. Nilimfuata Kogo kwa miguu mizito. Madam akafungua kifuko akazimimina kiganjani mwake.

"Kogo, umeshawahi kuona kitu kama hii?"

Kogo alizigusa kwa kidole. Akaishika ile nyekundu, akaigeuza kwenye mwanga. Alinitazama mimi, si kwa hasira, alinitazama tu mpaka nikaona aibu inanipanda kutoka kwenye vidole vya miguu.

"Hii nimeona," akamwambia Madam kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Nimeona sana. Lakini iko mtu hapa ataeleza. Mimi sitaki kumchukulia maneno yake."

Hapo hakukuwa na mwingine ila Wafula na mimi, na Wafula alikuwa anaonekana hana hatia. Nikafungua mdomo, ikatoka yote kwa pamoja. "Ni mimi niliweka. Nilikuwa nawasaidia kujaza sanduku."

"Kujaza?" Madam akasema.

"Ndio muende. Ndio fundi aingie Jumatatu."

Wafula alicheka mpaka akakalia ndoo. Madam hakucheka. Alifumba macho, akavuta pumzi ndefu, na nilifikiri anajikaza asinipige. "Kwa hivyo hakuna kaburi," akasema polepole. "Asante Mungu." Kisha akafumbua macho. "Lakini umenichanganyia udongo, msichana. Hiyo sehemu yote lazima tufungue upya, tuhakikishe hakuna kitu ingine umesumbua. Tulikuwa tuende kesho. Sasa ni mpaka Jumanne."

Nikaangua kilio. Nililia na kueleza kwa wakati mmoja: kuhusu Mama, kuhusu tumbo, kuhusu ng'ambo ya mto, kuhusu mtoto yule ambaye Baba alimsahau barabarani na hakuna aliyerudi kumchukua. Nilipofika hapo Kogo akanishika bega.

"Nani alikuambia alisahauliwa?" akaniuliza kwa lugha yetu.

"Hakuna."

Kogo akapiga magoti, jambo ambalo kwa magoti yake halikuwa dogo, akanishika mashavu yote mawili. "Hakusahauliwa. Alikufa, mwanangu. Baba yako alimbeba kwa mikono yake mpaka nyumbani usiku ule, ukiwa umelala, naye amezikwa nyuma ya nyumba, pale penye ua wa mkonge. Tulifanya vibaya kutokuambia." Nililia upya, kilio kingine kabisa, na leo naweza kusema kwamba ndani yake mlikuwa na nafuu. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikimwaza mtoto huyo akinyeshewa.

Madam aliningoja nimalize. Hakuelewa lugha yetu, lakini alielewa vya kutosha. Kisha akaleta daftari lake kubwa, lile ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, akalifungua kwenye ukurasa wa mraba ule na kunipa kalamu.

"Hapa kila kitu inaandikwa," akasema. "Hata makosa. Makosa ndio inaandikwa ya kwanza, ndio mwingine akisoma asidanganyike. Andika ulifanya nini."

Niliandika kwamba mimi niliweka shanga za kogo wangu hapa wakati wa chakula, na si za Sirikwa. Akanipima mkono kwa futi kutoka kidole mpaka kiwiko, akaandika kipimo chini ya maneno yangu, nikatia jina. Akanieleza kwamba wao si lori la chai. Hawangoji sanduku lijae. Hata wasipopata kitu chochote, hilo nalo ni jibu, wanaliandika na kwenda zao. Nilishangaa sana kwamba mtu anaweza kufanya kazi wiki mbili na kurudi na kikapu kitupu bila kuona haya.

Tukiwa njiani kurudi, Kogo alinipa onyo moja. "Mama yako usimwambie sasa. Ana mzigo wa kutosha. Akishajifungua salama, utamwambia wewe, kwa mdomo wako." Mwenyekiti aliambiwa tu kwamba si kaburi, lakini kazi itakwisha Jumanne, akaondoka akinung'unika kuhusu watu wa Nairobi.

Jumatatu mvua ilianza mapema na haikuwa na adabu. Baba alikuwa kazini Kericho, alikorudi kila mwisho wa wiki. Saa nne asubuhi Mama alishika mlango, akainama, na sufuria aliyokuwa ameshika ikaanguka. Ilikuwa mapema, wiki tatu kabla ya wakati. Kogo akachukua simu yake ya mulika mwizi, ile ndogo yenye tochi, akampigia kijana wa boda, nami nikasikia jibu hata nikiwa mbali: "Kogo, hiyo kilima haipandiki leo. Haki nitaua mtu." Kogo akampigia mwingine. Mama alikuwa amejishikilia ukutani, na macho yake yalikuwa yanatazama barabara, nikajua anaona nini.

Sikungoja kutumwa. Nilikimbia kwenye mvua mpaka shimoni, ambako wachimbaji walikuwa wamejikunyata chini ya turubai wakisubiri ianuke. Sikukumbuka hata kusalimia. "Anko Wafula, Mama!" nikasema, na hayo tu yalitosha. Madam alitupa machekecheo na ndoo nje ya gari kwa mikono yake mwenyewe, vitu ambavyo alikuwa akivipanga kwa utaratibu wa kanisani. Wafula akachukua mbao ndefu walizokuwa wakikanyagia ili wasiharibu udongo, akazirusha juu ya gari.

Mama alilazwa kwenye kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Kogo na miguu mapajani mwa Madam. Mimi niliruka nikakaa juu ya sanduku la mbao, na kwa kuwa hakuna aliyenikataza, nikabaki. Mara mbili gari liliteleza likaelekea mtaroni. Mara mbili Wafula alishuka, akaweka mbao chini ya magurudumu, akarudi na matope mpaka kwenye nyusi na kusema, "Mama, tunaenda. Usijali, tunaenda." Hakucheka hata mara moja njia nzima. Mama alinishika kidole gumba, akakibana mpaka kikafa ganzi, nami sikukitoa.

Bomet walimpokea mlangoni, wakamwingiza moja kwa moja. Tulikaa kwenye benchi, sote wanne tukivuja maji, tukionekana kama watu waliochimbuliwa. Hatimaye muuguzi alitoka akimtafuta Kogo. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni, akasema, na wamekitoa. Mngekawia kidogo tu, akaanza, kisha akaniona na hakumalizia. Akasema ni msichana, na sauti yake si ya mchezo. Kogo alisimama akamwendea Wafula, mtu asiye wa ukoo wetu wala wa lugha yetu, akamshika mikono yote miwili, akasema "kongoi" mara nyingi sana, asante, asante, mpaka Wafula naye akaanza kulia.

Mtoto akaitwa Cheptoo, jina tunalompa msichana anayezaliwa nyumbani kukiwa na wageni.

Wachimbaji walimaliza Jumatano, wakarudisha udongo wote walikoutoa. Kabla ya kuondoka Madam aliniita ndani ya kamba kwa mara ya kwanza. Alinionyesha alama nyeusi pembeni mwa shimo, mahali palipokuwa na jiko la mtu. Shimo lilikuwa boma la ng'ombe, akasema, na nyumba ilikuwa hapo ubavuni mwake. Walipika hapa, wakalala hapa, wakasikia mvua hii hii. Kisha wakahama kwa miguu yao kama watu wote. Niliona haya kidogo kwa salamu zote nilizopoteza. Ripoti yake ilisema jengo lisogezwe hatua chache upande wa barabara, na shimo liachwe. Wakati huo nilidhani fundi angeingia Jumatatu. Aliingia baada ya miezi, na ujenzi ukala zaidi ya mwaka, lakini dispensari ilijengwa, ina nyumba ya kuzalia, na kilima chetu kizima kimezaliwa humo tangu hapo. Wiki jana tu binamu yangu amejifungua pacha. Shimo liko nyuma yake, limezungushiwa ua, na akina mama wanaongojea zamu huketi ukingoni wakiota jua.

Lakini kabla ya hayo yote, kulikuwa na jambo langu na Mama.

Alirudi nyumbani Alhamisi. Ijumaa asubuhi jua lilitoka, akaweka mkeka mbele ya nyumba na kukaa na mtoto kifuani. Kogo alikuwa anakamua ng'ombe. Aliinua kichwa, akanitazama, akakiinamisha tena, nami nikajua siku imefika. Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya Mama, mikono mapajani. Nilimweleza kila kitu, kutoka sanduku mpaka mkebe wa Kimbo mpaka mraba wa mlangoni, na siku ambazo wachimbaji walichelewa kuondoka. Nilimwambia kwamba siku ile aliyosema "basi", neno hilo lilitoka kwake kwa sababu yangu.

Mama alimfunika mtoto miguu. Mtoto alikoroma kidogo.

"Kwa hivyo wangeenda Ijumaa," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Mama."

"Na gari yao."

"Ndiyo."

"Na ni wewe uliwachelewesha mpaka Jumatatu."

"Ni mimi."

Alinyoosha mkono. Nilifumba macho, nikakaza shavu, nikangoja kofi. Badala yake nikahisi kitu chenye joto kikiwekwa mikononi mwangu, kizito kuliko nilivyotarajia.

"Shika kichwa vizuri," Mama akasema.